Kimekauka au Kimeziba?

Daktari aliweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akafumba macho, akanyamaza. Alinyamaza muda ambao mimi, mwanamke wa mizigo, ningekuwa nimeshapiga hesabu ya kontena zima. Akahamia mkono wa kulia. Akaniambia nitoe ulimi, nikautoa kama mtoto anayeonyesha pipi imemtia rangi gani. Akaandika maneno machache kwenye kompyuta, kisha akaniuliza kwa Kichina cha taratibu, kwa kuwa alishaiona hijabu yangu na alihofia sitamwelewa: "Wewe ukikasirika, huwa unasema au unameza?"

Bahasha ya vipimo ilikuwa mapajani mwangu. Hakuwa ameigusa bado.

Ilikuwa Novemba 2023, Guangzhou, kusini mwa China. Nimeishi mji huu miaka kadhaa, kazi yangu ni uwakala: wafanyabiashara wa Kariakoo wananunua, mimi nakusanya, nakagua, napakia. Nakaa upande wa Xiaobei, ambako ukitembea mtaa mmoja unaweza kusikia Kiswahili, Kilingala, Kiarabu na Kifaransa kabla hujafika kwenye ngazi za treni. Nilikuwa na miaka 34. Nina mtoto mmoja, Imu, anayelelewa na bibi yake Dar. Mtu akiwa na mtoto mmoja kwetu huulizwa kila Idi: "Mama Imu, huyu mwenzake yuko wapi?"

Hedhi ilikata mwezi Juni. Mume wangu alikuwa amekuja kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, hapahapa mjini, akaondoka mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo kwanza nilifurahi. Nilinunua kipimo cha mkojo, mstari mmoja. Nikanunua kingine, mstari mmoja. Cha tatu nilikinunua duka la mbali, kana kwamba tatizo lilikuwa la muuzaji. Agosti likaja joto. Si joto la Guangzhou, hilo nalijua. Hili lilianzia kifuani, likapanda shingoni hadi masikioni, likakaa dakika mbili tatu, likaondoka na kuniacha nimelowa. Usiku nilikuwa nageuza mto upande mkavu mpaka hakuna upande mkavu.

Hospitali kubwa niliyokwenda kwanza ilinipima damu. FSH, homoni ambayo ubongo huituma kuiamsha ovari, ilikuwa 61. Baada ya mwezi ikawa 58. AMH, ile inayokadiria akiba ya mayai, ilikuwa 0.03. Altrasaundi ilionyesha ovari mbili ndogo, na kijifuko kimoja tu cha yai. Daktari kijana, mpole lakini mwenye haraka, akaniandikia maneno manne ya Kichina kwenye karatasi ili nikayatafute kwenye simu: luanchao zaoshuai. Luanchao ni ovari, zao ni mapema, shuai ni kudhoofika kama kinavyodhoofika kitu kilichozeeka. Ovari zimezeeka kabla ya wakati.

FSH nilikuja kuielewa hivi. Ubongo ni mgeni anayebisha hodi kwenye mlango wa ovari kila mwezi. Akifunguliwa, anabisha taratibu. Asipofunguliwa, anagonga. Asipojibiwa kabisa, anapiga mlango kwa ngumi mpaka majirani wanaamka. Kipimo kikivuka 25 kwa mwanamke ambaye hajafika miaka 40, na hedhi imepotea au imevurugika kwa miezi minne au zaidi, madaktari wanaanza kulitaja tatizo hili. Zamani vitabu vilisema mwanamke mmoja kati ya mia. Hesabu za karibuni zinafika kwenye watatu na nusu. Kuna wanaozaliwa na hitilafu ya kromosomu, kuna waliotibiwa saratani kwa dawa au mionzi, kuna ambao kinga ya mwili imegeuka dhidi yao, kuna waliofanyiwa upasuaji wa ovari. Wengi, chanzo hakijulikani. Mimi ni wa kundi hilo la mwisho.

Mama mkubwa, nilipompigia Kondoa, hakuhitaji maabara. "Hilo chango hilo, mwanangu. Limekukamata uzazi." Chango kwetu ni kila kitu: maumivu ya tumbo la mwezi, mimba kutoshika, mimba kutoka, damu nyingi, damu kidogo. Nilicheka, nikalia, nikakata simu nikisingizia mtandao.

Aliyenipeleka kwa yule daktari mzee wa vidole vitatu ni mwenye nyumba wangu. Namwita Ayi, yaani mama mdogo, kama wapangaji wote wanavyomwita. Aliniona natoa shuka la tatu kwenye mashine ndani ya wiki moja, akauliza, nikamwambia. Hakunipa pole. Alivaa viatu.

Usidhani tulikwenda kwenye kibanda chenye mizizi inayoning'inia. Hospitali ya tiba ya Kichina ya mji ule ina ghorofa nyingi, namba ya foleni inaitwa kwa spika, malipo ni kwa simu, na maabara iko chini inayopima FSH ileile. Daktari alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, nywele zimekatwa fupi, kikombe cha chai pembeni. Baada ya swali la hasira akanipiga la pili: "Leigongteng umewahi kunywa?"

Sikuwa nimelisikia. Maana yake ni mtambaa wa mungu wa radi, mmea wa kusini mwa China ambao Wachina wanautumia kutibu ugonjwa wa baridi yabisi wa viungo. Unasaidia viungo kweli. Pia unaweza kukata hedhi, na kwa baadhi ya wanawake hairudi. Pale kwenye benchi la kusubiri nilikuwa nimekaa na mwalimu mmoja aliyeumwa magoti, akapewa vidonge vya mmea huo akiwa na miaka 37, akanywa zaidi ya mwaka. Sasa amekuja tiba ya Kichina imrudishie kilichochukuliwa na tiba ya Kichina. Tangu siku ile, mtu akiniambia "hizi ni majani tu, hazina madhara", namfikiria yule mwalimu.

Nilipojibu sijanywa, daktari akasema figo zangu ni tupu.

Nikashtuka. Nikamwambia figo zangu zilipimwa wakati wa kukata bima, ziko salama. Akacheka mpaka chai ikatikisika. Figo anazozisema yeye, shen, si zile mbili za kuchuja mkojo. Ni ghala. Humo ndimo ilimohifadhiwa akiba mtu aliyozaliwa nayo, ya kukua, ya meno, ya nywele, ya mifupa, ya uzazi. Wanasema hedhi hutoka kwenye figo. Ukitafsiri neno kwa neno unapata upuuzi. Ukikaa nalo unakuta wanazungumzia kitu ambacho mgeni yeyote aliyeangalia wanawake wakikua na kuzeeka angekiona.

Akanisomea kwa kichwa, kama watoto wa madrasa wanavyosoma, kipande cha Huangdi Neijing, kitabu cha zaidi ya miaka elfu mbili. Mfalme wa Manjano anamuuliza tabibu wake Qibo: kwa nini watu wakizeeka hawazai tena? Qibo anahesabu maisha ya mwanamke kwa saba. Akiwa na miaka 7, meno yanabadilika na nywele zinarefuka. Miaka 14, tiangui inafika, njia mbili za ndani zinafunguka na kujaa, damu inashuka kwa wakati wake, anaweza kuzaa; kuvunja ungo, kwa lugha yetu. Miaka 28, mwili uko kileleni. Miaka 35, uso unaanza kusinyaa na nywele kukatika. Miaka 42, nywele zinapata mvi. Miaka 49, yaani saba mara saba, tiangui inaisha, njia ya ardhi haipitiki, hakuna mtoto tena.

Tian ni mbingu. Gui ni la mwisho katika mashina kumi ya kalenda ya Kichina, na hilo shina ni la maji. Basi tiangui ni kama maji ya mbinguni, yanayoshuka kwa msimu na kukatika kwa msimu. Mimi nilitakiwa kukatikiwa kwenye saba ya saba. Nimekatikiwa nikiwa sijamaliza saba ya tano.

Halafu akatoa kitabu chembamba, kurasa zake zimekuwa kahawia pembeni, akaweka kidole kwenye mstari. Nitakueleza kwa kirefu kidogo habari ya mwenye kitabu hicho, kwa sababu ndiye aliyenitesa miezi mitano.

Anaitwa Fu Shan, wengi wanamwita Fu Qingzhu. Mtu wa Shanxi, alizaliwa 1607, akafa 1684. Alikuwa mwandishi wa herufi mwenye mkono wa ajabu, mchoraji, tabibu. Utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644 na Wamanchu wakaingia, alivaa joho la dini ya Kidao akakataa kuwatumikia. Alipokuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mfalme wa Qing, utawala wa hao Wamanchu, alimwita Beijing akafanye mtihani maalumu wa wasomi. Ikabidi wambebe. Alifika, akasema anaumwa, hakufanya. Kitabu cha magonjwa ya wanawake chenye jina lake kilichapishwa mwaka 1827, wakati yeye ameshakaa kaburini karne na nusu, na wasomi bado wanabishana ni kiasi gani alikiandika mwenyewe.

Ndani yake kuna sura fupi inayoitwa, ukiipeleka kwa Kiswahili, "Umri haujazeeka na hedhi imekatika". Anasema mwanamke hufikia mwisho kwenye saba ya saba, lakini wapo ambao hawajafika na damu yao imetangulia kukatika. Watu hudhani damu imekauka. Nani angejua, anauliza, kwamba ni pumzi ya moyo, ya ini na ya wengu iliyokwama?

Rudia hapo. Watu hudhani imekauka, kumbe imekwama.

Kwa mtu aliyeshika karatasi yenye FSH 61, sentensi hiyo si fasihi. Mimi nimekulia Kondoa. Kisima kilichokauka unakiacha, unahama, unamfunga punda madumu na kutafuta kwingine. Mfereji ulioziba ni suala la jembe na mikono. Na yule Fu Shan anaeleza mantiki yake vizuri mno: ini likifunga kwa hasira iliyomezwa, moyo kwa wasiwasi, wengu kwa mawazo, hakuna kinachoteremka kwenye figo, na figo zisipopokea hazitoi. Nilijiona mimi. Mteja anakutukana kwenye simu saa nane za usiku kwa ajili ya vigae vilivyovunjika, unasema "sawa kaka, nitashughulikia". Mama mkwe anauliza mwenzake Imu yuko wapi, unasema "Mungu akipenda, mama". Miaka na miaka ya "sawa kaka". Halafu nilimfikiria mwandishi mwenyewe, mwanamume aliyekaa miaka arobaini na hasira yake ya Wamanchu kifuani, na nikasema huyu anajua anachokisema.

Dawa yake ina vitu kumi na kimoja. Kubwa ni shudi, mzizi uliopikwa kwa mvuke mara tisa mpaka ukawa mweusi wa kunata kama lami tamu, na baizhu, mzizi wa kutia nguvu tumbo, uliokaangwa na udongo. Baadaye kuna danggui, kuna aina ya kiazi kikuu, kuna mizizi ya peoni, kuna ginseng, kuna gome la duzhong, kuna chaihu kidogo tu ya kufungua ini, na kuna mbegu za kunazi zilizopondwa. Kunazi! Nilizishika mkononi pale kwenye dirisha la dawa nikahisi nimekutana na mtu wa kwetu. Kitabu kinaagiza danggui ioshwe kwa pombe. Nikamwambia daktari mimi Mwislamu. Hakushangaa hata kidogo, Guangzhou ina Waislamu tangu zamani. Akafuta, akaandika danggui mbichi, na shudi ya mvuke bila pombe.

Na mwishoni mwa maelezo ya dawa kuna ahadi. Pakiti nane mfululizo, hedhi inafunguka. Pakiti thelathini, haizibi tena, na mimba inaweza kushika.

Nane. Thelathini. Unampa mfanyabiashara namba?

Nilinunua chungu cha udongo, nikawa nachemsha mwenyewe asubuhi na jioni. Jirani yangu Mnaijeria alibisha mlango siku ya pili kuuliza kama kuna tairi linaungua. Rangi ni ya kahawa iliyosahaulika jikoni, ladha inaanza na utamu wa udongo halafu inakuja chungu ya kukukunja uso. Mara mbili kwa wiki nilikwenda kuchomwa sindano: vidole vinne chini ya kitovu, vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, pembeni ya kisigino, juu ya utosi. Haziumi. Zinaleta uzito fulani, kama mtu amekushika asikuachie. Kisha walikuwa wakiwasha kijiti cha majani makavu yaliyosagwa na kukishikilia karibu na tumbo mpaka ngozi ipate joto, na moshi wake ulinirudisha nyumbani papo hapo. Ni ndugu wa pakanga. Bibi yangu alikuwa akitufukizia pakanga tukiwa na mafua. Wakikupiga chuku baada ya hapo, kwa vikombe vya glasi badala ya pembe, unabaki kujiuliza nani alimfundisha nani.

Pakiti ya nane, hakuna kitu.

Pakiti ya kumi na tisa, tarehe 12 Desemba, nilikuwa ghalani nasimamia watu wanaopakia vitanda vya chuma. Nikahisi. Nikaenda chooni. Damu, nyekundu, ya kweli, ikadumu siku tatu. Nilimpigia mume wangu nikiwa nimeegemea mlango wa choo cha ghala, nikashindwa kusema, akadhani nimefiwa. Siku ya tatu nilikimbilia kipimo. FSH 27.

Kutoka 58 hadi 27! Nilimtumia daktari kijana picha ya majibu. Alijibu kwa sentensi moja: ovari za hali hii huwaka na kuzima zenyewe, rudi upime tena. Nilimwona ni mtu mwenye wivu. Ndani ya droo yangu kulikuwa na maboksi mawili aliyoniandikia tangu Oktoba, estrojeni na progesteroni, hayajafunguliwa. Binamu yangu aliniambia homoni za vidonge zinaleta saratani, muuza dawa mmoja kwenye simu akaongeza kwamba zinailaza ovari ikasahau kazi. Daktari mzee aliniuliza mara mbili kama nakunywa vile vidonge, kwa sababu pale kwao wanavichanganya na mitishamba bila ugomvi wowote. Mara zote mbili nilimdanganya. Nilisema ndiyo.

Pakiti ya thelathini ilikwisha Januari. Hakuna damu.

Tukaingia mwaka mpya wa Kichina, tarehe 10 Februari 2024. Ayi aliniletea boksi jekundu lenye maandishi ya dhahabu. Ndani kulikuwa na vipande vyeusi vinavyong'aa, vimejaa jozi, ufuta na kunazi nyekundu zilizokaushwa. Vitamu, vinanata kwenye meno kama kashata. "Kwa damu yako," akasema, "kula viwili kila siku." Nikala viwili kila siku. Siku nyingine vitatu.

Wiki iliyofuata nilikuwa nasikiliza habari za Kiswahili kwenye simu huku natafuna. Wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wamekutana Addis Ababa, wamepiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani kwa miaka 15. Mtangazaji akaeleza kwamba ngozi hizo huchemshwa China kutengeneza gundi inayoitwa ejiao, dawa ya kuongeza damu inayopendwa na wanawake. Nikaligeuza boksi. Herufi mbili kubwa za dhahabu. Ejiao.

Nilikwenda kutapika, na sitasema uongo, nusu ilikuwa dini na nusu ilikuwa bibi. Punda wa kufugwa haliwi, hilo nilifundishwa chuoni nikiwa na miaka sita. Lakini pia bibi yangu kule Kondoa alikuwa na punda wawili wa maji. Kutoka kwake hadi mtoni kiangazi ni zaidi ya saa moja, na mtoni penyewe ni mchanga, unafukua shimo na kusubiri maji yajikusanye, unachota kwa kata, unajaza madumu manne, punda anabeba. Mwaka 2017 yule mkubwa aliibiwa usiku. Walimkuta vichakani kaachwa nyama yote, ngozi hakuna. Bibi, na miaka yake sabini na mbili, alibeba maji kichwani mpaka tulipochanga kumnunulia mwingine. Serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji ule mwaka 2022. Kenya walianza kujenga machinjio ya punda mwaka 2016, yakafika manne, wakafunga 2020, mahakama ikafungua mwaka uliofuata; mvutano mrefu.

Mume wangu nilipomwambia alikaa kimya, halafu akauliza, "Vipande vingapi?"

Daktari mzee nilimwambia asiandike ejiao, wala gundi ya pembe za kulungu, wala ya gamba la kobe. Msaidizi wake aliwahi kunitajia vidonge vya kondo la nyuma la binadamu, kitu ambacho China yenyewe ilikiondoa kwenye orodha rasmi ya dawa mwaka 2015. Hilo tuliliruka bila mjadala. Alinibadilishia kwa mbegu za tusizi, mmea wa kamba za njano unaotambaa juu ya wenzake bila mizizi ardhini, ukiuona utasema ni mlangamia. Luo Yuankai, bingwa wa magonjwa ya wanawake wa hapahapa Guangzhou, aliyekuwa profesa wa kwanza wa tiba ya Kichina nchini kwao, aliupenda sana mmea huo. Kuhusu kitabu cha zamani kinachotaja mfupa wa ngisi kwa damu iliyokauka, ule mweupe mwepesi ambao Imu huuokota ufukweni Kigamboni, nilimwambia huo nitakunywa. Akasema kitabu kinataka pia yai la shomoro. Tukaacha.

Machi, FSH 74.

Nilikwenda kwa daktari kijana na swali langu kwa Kichina cha soko: kimekauka au kimeziba? Nilitegemea atacheka. Aligeuza kiti. Akaniambia mwaka 2013 daktari Mjapani aitwaye Kawamura na wenzake walitangaza kazi waliyofanya kwa wanawake 27 wa hali yangu. Waliwatoa ovari kwa upasuaji wa kamera, wakazikata vipande, wakazitia dawa za kuamsha vijifuko vilivyolala, wakazirudisha. Walipochungulia ndani ya hizo ovari, 13 kati ya 27 walikuwa bado na mbegu za mayai. Wengine hawakuwa na kitu. Wakati wanaandika, mtoto mmoja alikuwa ameshazaliwa. Kwa hiyo, akasema, swali lako si la kijinga. Kuna waliokauka na kuna walioziba, na kwa nje wanafanana. Ile damu yako ya Desemba ilionyesha kulikuwa na kitu siku ile. Karibu wanawake watano katika mia hupata mimba wenyewe bila dawa yoyote, na hakuna anayejua kumtaja mmoja kabla. Upasuaji ule bado ni majaribio. "Lakini mifupa yako," akasema, "haisubiri jibu."

Akanipima uti wa mgongo. Nina mifupa ya mtu aliyenizidi miaka ishirini. Estrojeni ndiyo inayoilinda, na moyo pia, na mimi nilikuwa nimeikalia kwenye droo kwa miezi mitano nikihesabu pakiti za Fu Shan. Nilianza vidonge jioni ileile, na nitavinywa hadi karibu na miaka hamsini. Joto liliisha ndani ya wiki tatu. Nilimrudia daktari mzee nikamkiri uongo wangu. Aliweka vidole vitatu kifundoni, akafumba macho, akasema, "Nilijua." Sijui kama alijua. Nikamuuliza kuhusu pakiti thelathini. Akafunga kile kitabu chembamba, akanywa chai. "Bwana Fu aliandika juu ya waliokwama. Hakuwa na FSH ya kumwonyesha yupi ni yupi. Mimi ninayo, na bado nilikuandikia, kwa sababu ulikuwa hulali."

Hapo sikuwa na la kumjibu. Ni kweli, tangu pakiti za mwanzo usingizi ulikuwa umerudi. Majarida ya Kichina yamejaa majaribio ya dawa hizi, madogo mengi, karibu yote yanapima FSH imeshuka ngapi, na machache sana yanahesabu watoto waliozaliwa. Usingizi wangu haupo kwenye jedwali lao lolote. Bado nakwenda kwake mara moja kwa mwezi, kwa dawa nyingine nyepesi zaidi, na chungu changu kimeshapata ufa mmoja mdogo. Ninachomlaumu Fu Shan ni kile kiswali chake tu, "nani angejua?", kilivyomeza miezi yangu mitano. Hasira hiyo siimezi. Ninaisema, ndiyo hii naiandika.

Mwezi uliopita mdogo wangu, wa miaka 29, aliniandikia kutoka Dodoma. Hedhi yake inaruka. Mwezi huu ipo, miezi miwili haipo. Mama mkubwa ameshamwambia ni chango. "Dada, ukija niletee ile dawa ya Kichina."

Nilimpigia badala ya kuandika. Nikamwambia kesho asubuhi aende hospitali, na hedhi ikija tu ahesabu siku, ya tatu achukuliwe damu: FSH, estrojeni, AMH. Awaambie dada yake imemkuta, wasimrudishe nyumbani kwa kuwa ni kijana. Nikamwandikia pia kwenye karatasi, nikaipiga picha nikamtumia.

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Sawa dada. Na hiyo dawa?"

"Nitakuletea ya usingizi."

"Haina punda?"